Shajara ya mradi: rejesta mpya ya kero za barabara, Arusha

Januari, wiki ya mwisho

Barua ya kunipa kazi hii ina mstari mmoja tu wenye maana: kuboresha utunzaji wa malalamiko ya wananchi kuhusu barabara za mitaa. Nilichorithi ni daftari la jalada gumu, faili la barua, kundi la WhatsApp la watendaji wa mitaa na kata, simu ya mezani, na sanduku la maoni mlangoni ambalo aliyekuwa na ufunguo wake amehamishiwa mkoa mwingine. Yapo pia yanayoingia kupitia e-Mrejesho, mfumo wa serikali unaomwezesha hata mwenye simu ya kitochi kutuma kero kwa *152*00#. Hayo angalau yana namba na tarehe. Mengine yote yanategemea mwandiko wa aliyekaa mapokezi siku ile.

Sijagusa kompyuta bado. Nasoma daftari. Safu zake ni namba, tarehe, jina, simu, lalamiko na hatua iliyochukuliwa, na hiyo ya mwisho imejaa maneno yaleyale: "limepelekwa kwa mhandisi". Safu ya mahali haipo. Mahali pamefichwa ndani ya maelezo: shimo kubwa ukitoka Kwa Mrombo, mtaro umeziba nyuma ya soko, kalavati limevunjika njia ya kwenda kanisani. Kanisa lipi, katika Arusha hii?

Februari, mwanzoni

Asubuhi nzima nimekaa mapokezi na dada anayepokea simu. Mengi yanayoingia hayatuhusu, na wapigaji hawana lawama. Barabara ya kwenda Moshi na ile ya Namanga ni barabara kuu, zinasimamiwa na TANROADS. Za mitaa ndizo zetu, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017 na kupokea jukumu lililokuwa la halmashauri. Taka zilizojaa mtaroni ni shughuli ya Jiji. Bomba lililopasuka chini ya lami ni la mamlaka ya maji, nguzo iliyoinama ni ya TANESCO. Mama anayeuza mbogamboga Mbauda haoni taasisi tano pale. Anaona maji meusi yanaingia kibandani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hili shimo la hapa barabarani litamuua kijana wa bodaboda."

"Pole, mzee wangu. Ila hiyo barabara siyo yetu, ni ya TANROADS."

"Sasa mimi nitajuaje? Imeandikwa wapi?"

Dada alinitazama, nami sikuwa na la kumsaidia. Tumekubaliana kwamba kuanzia sasa hakuna anayeambiwa "siyo yetu" simu ikakatwa. Tunaandika, tunaipeleka wenyewe kwa mwenye barabara, na mpigaji anapewa namba pamoja na jina la ofisi iliyopokea. Waingereza wana tovuti ya FixMyStreet tangu 2007: mtu anabonyeza ramani pale penye shimo, na mfumo wenyewe unajua ni halmashauri ipi ya kuandikiwa. Sisi hatuna ramani ya namna hiyo, ila jedwali lenye jina la barabara upande mmoja na mwenye nayo upande wa pili linatosha kwa kuanzia.

Februari, siku chache baadaye

Orodha ya barabara imepatikana kwa mhandisi. Ni nzuri, ina urefu, aina ya uso na upana. Shida ni kwamba majina mengi yaliyomo hayatamkwi na mtu yeyote mtaani. Mtu wa Arusha anakuelekeza kwa Kwa Mrefu, Kwa Iddi, Kona ya hivi, mti ule. Kilichotuokoa ni vibao vya Operesheni Anwani za Makazi ya mwaka 2022: pale kibao kilipobaki, mpigaji anaombwa akisome, na nyumba iliyo karibu na kasoro ikiwa na namba, tunaichukua. Pale kibao kiliposhaondoka na wauza chuma chakavu, tunarudi kwenye mti ule.

Nimeongeza safu tatu katika jedwali moja: jina rasmi, jina la watu, na alama iliyo karibu. Mhandisi anasema safu ya pili siyo ya kitaalamu. Inabaki.

Februari, katikati

Hapa ndipo mradi ulipokaa sawa, kwa hiyo naandika kwa urefu.

Lipo shimo moja kwenye kona huko Sombetini. Katika daftari limeandikwa na dereva wa bodaboda, na mwalimu, na mwenye duka la vifaa, na mtendaji wa mtaa, na mheshimiwa diwani kwa barua yenye muhuri, kila mmoja kwa maelezo yake. Kwa daftari hizo ni kero kadhaa tofauti. Kurasa chache mbele ipo barua ya mwenyekiti wa mtaa mmoja wa Olasiti: anaomba greda lichonge njia, anataja makalavati mawili yaliyoziba, shimo karibu na zahanati, na taa za barabarani zisizowaka. Kwa daftari hiyo ni kero moja. Ukihesabu mistari ili kujua kata ipi ina hali mbaya, jibu unalopata halikusaidii kwa lolote.

Nimetenganisha. Jedwali la kwanza ni la malalamiko: nani, lini, kwa njia gani, alisema nini kwa maneno yake, na anataka ajibiwe wapi. Jedwali la pili ni la kasoro: shimo, mtaro, kalavati, chemba isiyo na mfuniko, tuta lililovunjika, ipo barabara gani, ya nani, ina ukubwa gani, nani ameikagua. Katikati kuna namba inayounganisha. Watu wengi wanaweza kuungana na kasoro moja, na barua moja inaweza kuzaa kasoro nyingi. Lalamiko ni la mtu, kasoro ni ya barabara, na kila moja ina mwisho wake.

"Unatuongezea kazi," mhandisi alisema.

Ni kweli. Dada wa mapokezi sasa lazima atafute kwanza kama kasoro imo kabla ya kuandika mpya. Lakini fomeni aliyekuwa akipokea karatasi tano za shimo lile la Sombetini, na mara mbili akaenda akakuta wenzake wameshamaliza, sasa anapokea karatasi moja. Yeye ndiye aliyenitetea kwenye kikao.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitafuta. Malalamiko mengine yanamhusu jirani: amejenga ukuta ndani ya hifadhi ya barabara, au ameelekeza maji ya bomba la bafuni mtaroni. Zamani fomeni alikwenda na karatasi yenye jina la mlalamikaji juu kabisa, na ugomvi wa mtaa mzima ulianzia hapo. Karatasi yake ya sasa inabeba kasoro tu. Jina na simu vinabaki ofisini, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ndivyo inavyotakiwa hata hivyo.

Machi, mwanzoni

Nimezunguka na fomeni na vijana wake, Kaloleni kushuka hadi Unga Limited. Nilitaka kujua wao wanahitaji nini kwenye karatasi, nikarudi nimesomeshwa.

Shimo la lami, anasema, mtu anaona siku linapofunguka, lakini lilianza zamani. Uso ukipata ufa, maji yanapenya hadi kwenye tabaka la chini. Kifusi kinalainika, na kila tairi inayopita inasukuma tope nje kidogo kidogo. Lami ya juu inabaki imeelea bila kitu chini, halafu siku moja inavunjika. Ndiyo maana kuziba sawasawa kunaanza kwa kubomoa: unakata kingo ziwe wima, umbo la mraba, mpaka ufike pagumu. Unatoa udongo na maji yote, unapaka lami nyepesi ya kushikisha, unajaza kwa matabaka na kushindilia kila moja. Kinachomwagwa juu ya dimbwi na kupigwa kwa koleo kinaondoka na mvua ya kwanza, na aliyelalamika anapiga tena akiwa na hasira mara mbili.

Akanionyesha jambo ambalo sikuliona kwenye daftari lote. Mji huu umekaa kwenye mteremko wa Mlima Meru. Maji yanatoka kaskazini yanakwenda kusini, yapende yasipende. Mtaro ukijaa taka juu, maji yanapanda barabarani na kuja kuchimba lami mitaa ya chini. Mlalamikaji yuko chini, chanzo kiko juu, na huko juu hakuna anayelalamika kwa sababu maji hayasimami mlangoni kwake. "Ukinipa shimo tu," alisema fomeni, "nitaliziba kila mwaka mpaka nistaafu."

Jioni nimeongeza safu ya chanzo kwenye jedwali la kasoro, ambayo inaweza kutaja namba ya kasoro nyingine. Shimo la chini linaelekeza kwenye mtaro wa juu, hata kama mtaro huo haujalalamikiwa na mtu.

Nimeongeza pia hali ya "imezibwa kwa muda". Wakati wa masika lami haishiki kwenye maji, kwa hiyo kinachowekwa ni kifusi au mawe ili magari yapite. Hiyo ni kazi halali, lakini mtu asiandike kwamba imekwisha.

Machi, mwishoni

Masika yameingia. Simu haipumui.

Kundi la WhatsApp limekuwa kama soko la Kilombero siku ya mkesha wa sikukuu: kila mtu anapaza sauti, ujumbe wa saa mbili asubuhi umeshazikwa saa tatu. Picha nyingi hazina mahali. Moja ya gari lililozama nusu ilisambaa na maneno makali dhidi ya "barabara zetu za Arusha", mpaka fomeni alipoonyesha kwamba mistari ya daladala iliyo nyuma yake siyo ya njia yoyote ya hapa. Tumeweka utaratibu: picha isiyo na mahali inaulizwa siku hiyohiyo, haitupwi, na haiingii jedwali la kasoro mpaka mtu ataje mtaa.

Aprili

Umeme umekatika tangu jana. Daftari limerudi mezani, na safu ya mahali nimeichora kwa rula.

Aprili, katikati

Kikao cha kupanga nini kianze. Mapendekezo yalikuwa mawili. La kwanza, idadi ya malalamiko: kasoro yenye watu wengi zaidi iende mbele. Linaonekana la haki, na mheshimiwa diwani mmoja alilishabikia sana. Mimi nililipinga, kwa sababu nimeshaona nani anayelalamika. Kero za Njiro zinafika na picha tatu, alama ya ramani na majina ya barabara yasiyo na kosa. Za Muriet zinafika kwa mdomo wa mwenyekiti, siku akipata nauli au akikutana na mtendaji wa kata. Mji wa Boston, Marekani, ulitoa mwaka 2012 programu ya simu iliyokuwa ikihisi mtikisiko gari linapopita kwenye shimo na kutuma taarifa yenyewe. Wenye mradi walilazimika kujiuliza mapema: kama simu janja ziko zaidi kwa wenye kipato na vijana, ramani si itaonyesha mashimo ya wenye simu? Hapa hatuhitaji programu kulijua hilo.

Pendekezo la pili lilikuwa hatari kwanza, na ndilo lililopita. Vivuko vya makorongo viko juu kabisa. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji hapa hapa Arusha na watoto wakapoteza maisha. Hakuna aliyekuwa kwenye kikao aliyehitaji kukumbushwa. Kivuko kinachofunikwa na maji kikiripotiwa na mtu mmoja, kinatangulia shimo lenye walalamikaji hamsini. Baada ya hapo chemba zilizo wazi, kisha njia za shule, hospitali na daladala. Idadi ya watu inatumika tu pale kasoro mbili zinapolingana.

Diwani hakufurahi, na sitaki kumwandika kama adui. Alisema neno la kweli: watu wasio na simu janja humweleza yeye, msibani na sokoni, kwa hiyo barua yake moja ina watu wengi ndani. Tumemwomba aendelee kuleta, ila ataje mahali na namba za kasoro, moja moja. Barua yake ya juzi ilikuwa na mitaa minne na imeandikwa vizuri kuliko ya ofisi nyingi.

Aprili, mwishoni

Kila kasoro iliyokaguliwa lazima sasa iwekwe kwenye fungu lake: matengenezo ya dharura, ya kawaida, ya sehemu korofi, au ya muda maalumu. Nilidhani ni mambo ya makaratasi. Kumbe ndiyo yanayoamua kama mtu atasubiri wiki au mwaka. Kuzibua mtaro ni matengenezo ya kawaida, vikundi vya mtaa vinaweza kupewa kazi hiyo na fedha yake ipo kwenye mpango. Kalavati jipya ni habari nyingine. Lisipokuwa limepangwa, linasubiri mwaka wa fedha unaoanza Julai mosi, na hata huko linashindana na mengine. Mwananchi anajua kwamba kodi ya barabara imo kwenye kila lita ya mafuta anayonunua, kwa hiyo ukimwambia "bajeti" bila kueleza, anasikia "hatutaki".

Mei, mwanzoni

Nimeandika upya majibu yote ya simu na ujumbe mfupi. Ya zamani yalikuwa ya kishairi: "malalamiko yako yamepokelewa na yanafanyiwa kazi na mamlaka husika." Mamlaka ipi, kazi gani? Sasa tunaandika hivi: "Kero yako kuhusu kalavati la njia ya zahanati imekaguliwa. Linahitajika kalavati jipya, halimo kwenye bajeti ya mwaka huu. Limependekezwa kwa mwaka unaoanza Julai. Tutakujulisha likipitishwa au likikataliwa."

Wakubwa waliogopa kwamba kusema "halimo" kutaleta kelele. Kelele zimekuja kidogo. Baba mmoja wa Baraa alinijibu: "Afadhali umeniambia, mwanangu. Tutatupia magogo wenyewe tupitishe wagonjwa." Nilimshukuru, halafu nikampigia fomeni, maana magogo ndani ya mkondo yanazuia maji na wiki ijayo barabara nzima ingeondoka. Alikwenda akawaonyesha pa kuweka mawe. Jibu la kweli linazaa mambo mengine ya kusimamia, hilo halikuwemo kwenye mpango wangu.

Mei, katikati

Kufunga. Kasoro inafungwa na fomeni kwa picha mbili, kabla na baada, zilizopigwa kutoka upande mmoja na kitu kilekile kionekane: nguzo, geti, duka. Lalamiko linafungwa na dada wa mapokezi baada ya kuongea na mtu. Anauliza swali moja: unapita sasa?

Mama mmoja wa Daraja Mbili alimjibu: "Wameziba, dada yangu, wamefanya vizuri. Sasa maji yote yanaingia kwangu." Kiraka kiliinua barabara kidogo, na maji yaliyokuwa yakitulia shimoni yakatafuta njia. Kasoro ya kwanza imefungwa, imezaliwa ya pili, na mlalamikaji ni yuleyule. Katika daftari la zamani hilo lingeonekana kama mama msumbufu.

Juni

Nimesoma kuhusu New York na nimecheka peke yangu ofisini. Mwaka 1979 jiji hilo liliweka sheria: huwezi kulidai fidia kwa kuumia kwenye shimo isipokuwa jiji lilikuwa limeshapewa taarifa ya maandishi na siku 15 zimepita. Mawakili wa wadai wakaunda shirika lao, likatuma watu mitaani kuchora ramani za kila ufa na kuziwasilisha jijini, ili taarifa iwe imetolewa kabla mtu hajajikwaa. Mawakili waligeuka kuwa wakaguzi wa njia. Nimempa mhandisi asome, naye akauliza kama hao watu wanaweza kuja Sokon, hapa Arusha.

Jambo lililobaki kabla mwaka wa fedha haujafungwa ni mikato ya lami. Anayeunganisha maji au nyaya anakata barabara, anarudishia kifusi, na miezi michache baadaye tunapokea kero ya shimo jembamba lililonyooka kuvuka njia. Shimo la namna hiyo linajitangaza lenyewe. Nimeongeza aina hiyo kwenye jedwali la kasoro, na kuanzia Julai nataka kila kibali cha kukata kiingizwe humo siku kinapotolewa, chenye jina la barabara, tarehe ya kurudishia na nani wa kupigiwa. Mhandisi amekubali kwa mdomo. Mfano wa fomu uko mezani kwake, unasubiri sahihi.